Bi Barke Alipoita

Kule Timbwani, nyuma kidogo ya barabara inayoteremkia feri, wanawake waliotaka nguo ya harusini hawakuulizana fundi ni nani. Walikwenda kwa Mwanaima Mohdhar. Ukifika ulimkuta ukumbini kainamia cherehani yake ya miguu, na ili ajue umekuja ilikubidi usimame mbele yake mpaka kivuli chako kiangukie kitambaa. Hapo aliinua uso, akakutazama midomo, na mkaelewana yote: kola iwe hivi, mikono iwe hivi, marinda yaanzie hapa. Alikujibu kwa sauti yake mwenyewe, Kiswahili cha kwao kilichonyooka, kwani hakuzaliwa kiziwi. Masikio aliyapoteza akiwa na miaka ishirini na miwili, mwaka wa themanini na nne, kwa homa ya uti wa mgongo iliyomlaza wiki tatu. Siku alipofumbua macho alimwona mamake akisema naye, midomo inakwenda, na hakuna kilichotoka.

Mumewe alivumilia mwaka na nusu, kisha akamrudisha kwao na talaka yake. Tangu hapo Mwanaima akakaa na mamake, Bi Barke, mjane mwenye presha na ulimi mwepesi. Mdogo wake Mwanaima, Tima, aliyeolewa Mtongwe, alikuja kila asubuhi kushinda nao, maana mtu mzima mgonjwa hawezi kuachwa na mtu asiyesikia akiitwa.

Rafiki wa Mwanaima alikuwa mmoja, Kahaso. Huyu alikuwa Mgiriama, kiziwi wa kuzaliwa, aliyekuwa akikaanga viazi karai karibu na kivuko cha feri. Alisomeshwa udogoni katika shule ya viziwi, na ndiye aliyemfunza Mwanaima kusema kwa mikono. Walianza kwa majina ya vitu, wakaenda kwa majina ya watu, mwishowe wakafika pa kusengenyana na kucheka mpaka wakashikana mabega. Kahaso hakubisha hodi, angebisha amsikie nani? Aliingia kwa mlango wa uani, akazunguka, akajitokeza mbele ya cherehani. Miaka minane walikwenda hivyo.

Basi mwaka wa tisini na tano ikaja barua kutoka Hamburg. Nassor, kaka yao, alikuwa baharia, akaoa huko na kutulia huko. Aliandika kwamba madaktari wa kule wana kifaa kinachotiwa ndani ya kichwa, nyuma ya sikio, na viziwi wa namna ya Mwanaima wanasikia tena. Ameshasema nao. Mwanaima aje.

Mwanaima akaenda. Akapasuliwa, akangoja kidonda kikauke, na siku ya kuwashwa kile kifaa ikafika. Mkononi alipewa kisanduku kidogo cha kufunga kiunoni, na waya uliopanda hadi sikioni ukaishia kwa kidude cha duara kilichonasa kichwani kwa sumaku. Daktari alipowasha, Mwanaima alishtuka akashika meza. Ulikuwa mlio, hilo kweli, baada ya miaka kumi na moja ya kimya. Lakini haukuwa mlio wa mtu. Ulikuwa kama mabati yanayoburutwa sakafuni, na Nassor alipofungua kinywa kusema naye, mabati yakaburutwa zaidi.

Nassor alimwandikia kwenye karatasi maneno ya daktari: ndivyo inavyoanza, akili lazima ijifunze upya, itataka miezi mingi, pengine mwaka, na kila siku awepo mtu wa kumsemesha na kumzoeza. Mwanaima akafanya mazoezi wiki tatu. Viza ikaisha. Alikuwa akijua kutenga mlio wa mlango na mlio wa maji, basi.

Nassor kwa furaha zake alikuwa ameshapiga simu nyumbani. "Mwanaima anasikia!" aliwaambia, na neno hilo lilitangulia ndege.

Alipofika Timbwani alikuta ukumbi umejaa wanawake, udi unafukizwa, sinia za pilau zimefunikwa kawa. Bi Barke alisimama katikati yao na kanga zake mpya. Akamtazama bintiye, akaita, "Mwanaima!" Mwanaima alisikia mabati, lakini macho yake yalikuwa kwenye midomo ya mamake kama yalivyozoea, na jina lake alilijua lilivyo mdomoni.

"Abee, mama," akaitika.

Vigelegele vikapigwa hata akaona makoo ya wanawake yanatetemeka. Bi Barke akaanguka kifuani pake akalia kama mtoto. Kichwani mwa Mwanaima mlikuwa na zogo la kutisha, bati juu ya bati, naye akasimama kamkumbatia mamake, akiona aibu kumwambia pale pale, mbele ya watu na pilau na udi, kwamba hajasikia lolote. Akasema moyoni, nitamwambia kesho.

Kesho jirani walikuja kumjaribu. "Mwanaima, unanisikia?" Akawatazama midomo, akajibu, "Naam, nasikia." Kesho kutwa akajibu vivyo hivyo. Mtu akisema naye kwa nyuma na Mwanaima asijibu, Bi Barke alisema kwa fahari, "Mwacheni, ana mawazo ya cherehani." Jinsi siku zilivyopita, ndivyo lile neno la kweli lilivyozidi kuwa zito, mpaka likawa halinyanyuki tena. Angemwambia nini Nassor, aliyehangaika na madaktari mwaka mzima? Angeutazama vipi uso wa mamake, uliokuwa umenawiri kama wa bi harusi?

Mtu wa kumzoeza hakumpata, kwa kuwa mtu anayesikia hahitaji kuzoezwa. Mlio wa cherehani ulimuuma kichwa kama msumari. Kwa hiyo kila alipokaa kushona alikizima kile kisanduku, akakitia kwenye saraka ya cherehani, na waya akauacha umening'inia chini ya mtandio watu wauone.

Jambo la Kahaso ndilo lililoanza kumla. Bi Barke alimwambia, kwa upole kabisa, "Mwanangu, sasa Mungu amekurudishia masikio, yale mambo ya mikono yaache. Watu watasema hukupona." Mwanaima akaitika. Wiki ile ile alikuwa anashuka feri pamoja na akina mama watatu wa chama cha maulidi, wametoka mjini kununua vitambaa, wakipita penye karai ya Kahaso. Kahaso hakuwa amemwona tangu arudi. Alitupa mwiko chini, akainuka, akanyoosha mikono yote miwili na kuuliza kwa mbali: Umerudi! Uko vipi? Mbona hukunijia?

Mwanaima alimwona vizuri. Aliwaona pia wale akina mama wakigeuka kutazama ni nani anayepungiwa. Akavuta buibui lake mbele, akageuza uso upande wa barabara, akapita. Alipotupa jicho la pembeni aliona mikono ya Kahaso ingali hewani, kisha ikashuka polepole, ikajipangusa kwenye leso ya kiunoni ingawa haikuwa na uchafu.

Usiku hakutaka kulifikiri, na mchana alilifikiri kila alipotia uzi kwenye sindano. Kwenye kabati lake mlikuwa na kitambaa cheupe cha Kahaso, alichokiacha kabla ya safari, cha gauni la ubatizo la bintiye. Alikisukuma nyuma ya vingine asikione.

Mwezi wa nne wa mwaka wa tisini na sita, Tima akaja na habari. Madrasa ya wasichana ya Mtongwe imemtaka akafunze asubuhi. "Zamani nisingeweza," alisema, "lakini sasa, dada, wasikia. Mama akikwita utamjibu. Au vipi?"

Hapo ndipo pa kusema. Mwanaima alilijua hilo, na baadaye kila alipojisuta alijisuta kwa dakika ile kuliko zote. Tima alisimama mbele yake, mkoba begani, anangoja jibu. Bi Barke alikuwa kwenye kiti chake anamtazama Tima kama kwamba swali lenyewe ni la kijinga.

"Nenda," Mwanaima alisema. "Mimi niko."

Siku kumi na mbili zilipita salama. Siku ya kumi na tatu Bi Barke aliamka na ukali. Walikorofishana juu ya jambo dogo kabisa, chai iliyokosa tangawizi, na Bi Barke akasema maneno mawili matatu ya kuchoma, na Mwanaima akaondoka bila kujibu, akaenda kukaa kwenye cherehani yake. Akazima kisanduku. Akakitia kwenye saraka. Alikuwa na sare za shule za kumaliza.

Alishona mpaka jua likaingia ukumbini. Alikuwa kwenye pindo la tano au la sita alipoona kivuli, na kabla hajainua uso alishikwa mkono akavutwa hata kiti kikaanguka. Alikuwa Kahaso. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Hakusalimu, hakueleza. Aliweka kiganja kimoja juu ya kingine kama kitu kilicholala, akaonyesha uani, akamvuta tena.

Bi Barke alikuwa chini kwenye saruji, mbele ya mlango wa choo, mguu mmoja umepinda chini yake pasipopindika mguu. Birika la maji lilikuwa limepinduka na maji yameshakauka. Kanga imemtoka kichwani, na mvi zake, ambazo hata wanawe hawakuzizoea, zilikuwa juani. Alikuwa na fahamu zake zote. Midomo yake imekauka ikapasuka, na jambo la kwanza Mwanaima alilolisoma hapo lilikuwa, "Nimekwita. Nimekwita mpaka sauti imekwisha."

Kahaso ndiye aliyekimbia nje kuleta watu. Alikuwa amekuja kuchukua kitambaa chake akakishonee kwingine, naye akapita mlango wa uani kama zamani kwa kuwa hakutaka kuonekana kwa mlango wa mbele.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Tima alifika hospitalini anatweta, bado ana chaki vidoleni. "Ilikuwaje?" alimuuliza dada yake. "Alikuwa pale saa mbili nzima! Ulikuwa wapi?"

"Nililala," Mwanaima alisema.

"Ulilala kwenye cherehani?"

"Nililala, Tima."

Hata katika hali ile aliona nafuu uwongo ulipotoka.

Bi Barke alirudishwa nyumbani baada ya wiki nyingi, akalazwa kwenye kitanda cha ukumbini. Hakumgombeza bintiye. Alimwambia, "Ahsante," akiletewa uji, na "Basi," akishiba. Mwanaima alimwogesha, akamgeuza, akamsuka nywele, na kila alipotafuta macho ya mamake hakuyapata.

Alasiri moja walikuja wale akina mama wa chama cha maulidi kumjulia hali. Mwanaima alikuwa mlangoni na sinia ya kahawa. Bi Barke hakumwona. Aliinamisha kichwa kwa mgeni aliyekuwa karibu naye, na kwa jinsi Mwanaima alivyomwona akipunguza kinywa, alijua mama ananong'ona.

"Asubuhi ile nilimsema juu ya chai," midomo ilisema. "Akaninunia. Nikaita, nikaita, akaniacha makusudi. Mwanangu wa kumzaa mwenyewe, Bi Mwanarusi. Ni hilo liniumalo, wala si mguu."

Vikombe viligongana kwenye sinia. Wote wakageuka.

Mwanaima aliiweka sinia chini kwenye mkeka. Alikuwa ameona aibu mwaka mzima kujulikana kuwa angali kiziwi. Sasa aliona kilichokuwa upande wa pili: mamake amelala pale siku nenda siku rudi akiamini kwamba amezaa mtu wa kumwacha afe juani kwa ajili ya tangawizi.

"Mama," akasema, na alijua sauti yake imepanda kupita kiasi kwa jinsi wageni walivyoshtuka, "sikukusikia. Sikukuacha. Sikukusikia."

Bi Barke akamkodolea macho. "Na hicho kifaa?"

"Kilikuwa kwenye saraka. Nilikizima. Na hata kingekuwa kichwani, mama, nisingelikujua ni wewe. Tangu nirudi sijasikia neno la mtu. Nasikia mabati. Siku ile ya pilau nilikusoma mdomo, na hata sasa nawasoma midomo nyote."

Bi Mwanarusi akachukua mkoba wake. Bi Barke akageuza uso akaukabili ukuta. Hiyo ilikuwa adhabu aliyoijua yeye: mtu akikupa kisogo, huna cha kusoma.

Siku mbili Bi Barke alikaa na ukuta wake. Siku ya tatu, Mwanaima alipokuwa anamfunga kanga, alimshika kifundo cha mkono.

"Sauti yangu," aliuliza, "ndiyo iwe mabati?"

"Ndiyo, mama."

"Na ya Tima?"

"Pia."

"Ya Tima sawa," Bi Barke alisema, na pembe za mdomo zikacheza kidogo. Kisha akafumba macho, machozi yakashuka yakaingia masikioni mwake. "Mwaka mzima nimewaringia watu. Na wewe ukaniacha niringe."

"Niliona haya."

"Hata mimi ulinionea haya?"

"Wewe kuliko wote."

Bi Barke akalia, wakalia wote wawili, bila ya kutulizana. Alipomaliza alijipangusa akauliza daktari alisemaje hasa. Mwanaima akaenda kumletea karatasi ya Nassor, ile ya Hamburg, aliyokuwa kaificha ndani ya Msahafu. Tima akaisoma kwa sauti jioni ile. Kila siku. Mtu wa kumsemesha. Miezi mingi.

"Basi mimi naenda wapi?" Bi Barke akasema. "Niko hapa hapa kitandani."

Ndivyo walivyoanza. Baada ya alfajiri Mwanaima alivaa kifaa chake, akakaa kwenye kigoda ubavuni pa kitanda, na Bi Barke akajifunika mdomo kwa ncha ya kanga asisomeke. Akataja siku za wiki, moja moja, na Mwanaima akabahatisha. "Jumanne?" Bi Barke anatikisa kichwa. "Alhamisi?" Anatikisa kichwa. Siku nyingine walifika adhuhuri hawajapata hata moja, na Bi Barke, ambaye hakuwa na subira hata na chungu kisichochemka upesi, alirudia "Ijumaa" mara arubaini chini ya ile kanga mpaka ikalowa mvuke wa pumzi. Mwanaima aliona aibu ya namna nyingine hapo, ya kumchosha mgonjwa aliyemvunja mwenyewe. Lakini hakuificha. Alisema, "Mama, sikupata. Tena."

Nassor naye akaandikiwa kweli. Barua ilimchukua Mwanaima siku nne. Nassor alijibu kwa mistari michache: amesikitika, hakukasirika, atatafuta njia ya kumrudisha kwa daktari kifaa kirekebishwe. Mwishoni aliandika, "Mimi ndiye niliyepiga simu ile. Na mimi nisamehe."

Kwa Kahaso palikuwa pagumu zaidi. Kile kitambaa cheupe kilikuwa kingali kabatini; Mwanaima akakishona gauni kwa siku tatu, akatia lesi ya kifuani ambayo hakuombwa, akalikunja, akalipeleka feri mwenyewe, saa ya watu wengi. Alisimama mbele ya karai. Kahaso aliendelea kugeuza viazi. Mwanaima akaweka kifurushi juu ya kibao, akavua mtandio wake ukabaki mabegani, waya na duara la kichwani vikaonekana na kila mtu, akanyanyua mikono. Vidole vyake vilikuwa vimekuwa vizito kwa kukaa bure. Alisema, kwa kukosea na kurudia: Siku ile nilikuona. Nikakupita. Halafu wewe ukamwokoa mamangu.

Abiria walisimama kutazama. Akawaacha watazame.

Kahaso akauliza kwa mkono mmoja, mwingine ungali na mwiko: Ulinionea haya?

Ndiyo, Mwanaima akajibu.

Na sasa?

Sasa naona haya kwa hilo.

Kahaso hakutabasamu. Alifungua kifurushi, akakagua pindo ndani na nje kama mteja yeyote, akapitisha kidole kwenye ile lesi, akalikunja gauni upya. Akamtolea Mwanaima viazi vitano kwenye kipande cha gazeti, akarudi kwenye karai yake. Hakuja nyumbani mwezi huo, wala ule uliofuata. Alikuja wa tatu, kwa mlango wa mbele, kama mgeni, na ikawa zamu ya Mwanaima kumkaribisha na kumtengea kiti. Urafiki wao ulirudi, ila haukurudi wote. Palikuwa na mambo ambayo Kahaso hakumsimulia tena, na Mwanaima hakudai.

Ulipoingia mwaka wa tisini na saba Mwanaima alikuwa anajua siku zote saba chini ya kanga, na majina ya watu wa nyumbani, na "maji", na "njoo". Sauti ya mamake iliacha kuwa mabati, ikawa kitu kikavu chenye mikwaruzo, ambacho Tima alimhakikishia ndicho kilivyo kweli. Penye watu wengi bado hakupata neno. Mtu akimuuliza, "Unanisikia?" alisema, "Hapana, niangalie usoni, sema pole pole," na kila alipolisema uso ulimpata moto, lakini alilisema. Akina mama wa chama wengine walimzoea. Bi Mwanarusi alihamia kwa fundi mwingine.

Bi Barke aliinuka kitandani mwisho wa mwaka ule, lakini mguu haukurudi sawasawa. Alitembea kwa mkongojo, upande mmoja umeshuka. Sauti zote ambazo Mwanaima alizipata kwa yale masikio mapya alizipata kwa shida na kwa kubahatisha, isipokuwa moja tu ambayo hakufunzwa na mtu. Ule mkongojo juu ya saruji ya uani aliujua tangu siku ya kwanza. Akiwa kwenye cherehani, kifaa kimewashwa na kichwa kinamuuma, aliusikia ukigonga, ukinyamaza, ukigonga tena, na kila ukinyamaza kwa muda mrefu, aliweka mkasi chini akaenda kutazama.